Mistari Mia Mbili na Arobaini

3 Machi

Mvua ya kwanza. Imeanza saa nane mchana na haijakatika. Nimeweka ndoo mahali pake pa kila mwaka, kwenye kona ya jikoni.

Simu imelia nikiwa bado nimeinama. Alikuwa binti wa mdogo wangu. Sikumtambua kwa sauti, kwa maana mara ya mwisho kumsikia alikuwa na mapengo ya utotoni. Amesema, "Shikamoo, Mama Mkubwa," kisha akanyamaza, kama mtu aliyebisha hodi na kujuta.

Haja yake ni moja. Mama yake anapoteza macho. La kulia limekwisha. La kushoto daktari amesema huenda lisivuke mvua hizi. Kabla halijazima anataka kumwona Mama yetu, bibi yake huyu binti, akisogea na kucheka. Picha za karatasi wanazo. Kanda ya video ni moja tu, nami ndiye ninayeihifadhi.

"Amekutuma yeye?" nimemwuliza.

"Hapana. Akijua nimekupigia atanichuna ngozi."

Nimemwambia nitafikiri.

5 Machi

Niandike jambo hili kwa utaratibu, maana sijapata kuliandika.

Miaka kumi na tisa iliyopita Mama alitimiza miaka themanini. Binamu yetu alikuja na kamera yake mpya, akapiga kanda nzima. Siku kumi na moja baadaye Mama alifariki. Tulipokaa kugawana vitu vyake, bangili yake ya dhahabu, nyembamba kama kijiti cha kiberiti, haikuwapo. Pacha wa bangili hiyo ninaye mimi. Mama alinipa nilipopata kazi. Ile yake alikuwa hajasema ni ya nani.

Mimi ndiye niliyesema tuitazame kanda. Tuliitazama watu kumi na wawili, kwenye televisheni ya inchi kumi na nne. Mwanzoni Mama anainua mkono mbele ya kamera, bangili inang'aa, anacheka. Mwishoni mdogo wangu anainama, anaushika mkono ule kwa mikono yake miwili na kumnong'oneza Mama jambo. Anapouachia, mkono ni mtupu. Nilirudisha nyuma mara tatu. Wote waliona. Hapo nikamwita mdogo wangu mwizi, mbele ya wote.

Aliniuliza swali moja tu. "Dada, unaniangalia mimi au unaangalia televisheni?"

Nikamjibu kwamba televisheni haina sababu ya kusema uongo. Akaondoka, na chakula chake hakukigusa. Hatujasemezana tangu siku hiyo.

Nilisahihisha mitihani kwa miaka thelathini na mmoja. Sikupata kumhukumu mtu bila karatasi yake kuwa mbele yangu.

6 Machi

Mvua.

9 Machi

Nimeamua. Kanda itakwenda, lakini kwanza nitaitazama mwenyewe. Mwaka jana mwanangu aliniletea televisheni kubwa, ya inchi hamsini na tano. Tangu ifike, yenyewe hulitazama kabati lililo mkabala nayo kuliko mimi ninavyoitazama. Kioo kikubwa hivi kitaonyesha kile ambacho kile kidogo kilionyesha kwa taabu. Nikishahakikisha, nitaituma kanda kwa moyo mweupe. Mdogo wangu atamwona mama yake, na pia ataona kwamba sikumwonea.

Deki ya zamani imo sandukuni, na televisheni hii haina tundu la waya wake. Nimempigia fundi.

10 Machi

Fundi amekuja. Mtaa mzima humwita Waya. Nilimfundisha darasa la saba. Insha zake zilikuwa fupi na mwandiko wake kama kuku aliyekanyaga wino. Sasa ana mvi.

"Mwalimu, hii deki ina umri wa kuposwa," amesema, akiipuliza vumbi.

"Itengeneze, usiipose."

Mkanda wa mpira wa ndani umekatika. Atarudi.

14 Machi

Amerudi na mpira mpya na kijisanduku cha kuunganishia. Amechomeka waya wa njano. Nilikuwa nimevaa nguo nzuri. Sijui kwa nini.

Mama ametokea mkubwa kama dirisha, lakini kama maandishi kwenye karatasi iliyolowa. Uso wake nimeujua kwa sababu ni wa mama yangu. Mtu mwingine angeona doa lenye kitambaa kichwani. Nilipoizuia picha isimame, ilitetemeka na kukatwa na mistari myeupe.

"Umeharibu," nimemwambia.

"Mimi? Mwalimu, hiyo ndiyo kanda yenyewe."

"Kwenye televisheni ndogo ilikuwa safi."

"Ilikuwa ndogo. Haikuwa safi."

Nimemwambia asinijibu hivyo. Ameomba radhi, akakunja waya zake. Nimekaa na lile doa mpaka kanda ikaisha yenyewe.

18 Machi

Nimekwenda kupima macho. Daktari amesema miwani yangu ni sahihi kabisa. Nimerudi na mvua, nikiwa nimekasirika bila wa kumkasirikia.

22 Machi

Fundi hakukata tamaa, na hilo namhesabia. Amekuja na deki nyingine aliyoazima kwa mpiga video wa harusi, ambayo ina tundu la waya wa pini nne. Ameniomba ruhusa ya kunifundisha, nami nimempa, ingawa nilikaa kwenye kiti kirefu.

Waya wa njano, amesema, hubeba mwanga na rangi pamoja katika njia moja, kama watu wawili wanaozungumza kwa simu moja kwa wakati mmoja. Televisheni hulazimika kukisia nani kasema nini, na ikikosea, kingo za vitu hucheza. Waya wa pini nne huwatenga wale wawili. Nimeona kwa macho yangu: ukingo wa kitambaa chekundu cha Mama umeacha kutambaa.

"Basi leta ulio bora zaidi ya huu," nimesema.

"Upo wa nyuzi tatu, nyekundu, kijani na buluu. Huo unapitisha mengi. Lakini Mwalimu, ukipanua bomba, maji ya kisimani ni yale yale."

"Ulete."

27 Machi

Binti amepiga tena. Mama yake sasa anaona kwa pembeni tu, akigeuza kichwa kama ndege.

"Fundi hajamaliza," nimemwambia.

"Fundi wa nini, Mama Mkubwa? Kule kwetu deki ipo. Sisi tunataka kanda tu."

"Kazi isiyokamilika haitolewi."

Amesema, kwa adabu iliyonichoma kuliko tusi, "Sawa, mama."

2 Aprili

Umeme umekatika siku ya nne sasa. Ndoo mbili.

6 Aprili

Umeme umerudi asubuhi. Nimeitazama kanda yote, dakika arobaini na moja, bila kuizuia. Miaka yote hii nilikuwa nikiangalia mwanzo na mwisho, kama mtu anayesoma swali na jibu na kuacha hesabu ya katikati.

Katikati kuna watu. Binamu anamwachia mtu kamera kidogo, anakata kipande cha keki na kukila kabla ya mwenye sherehe. Mjomba anaimba wimbo asioujua. Mdogo wangu hakai. Anapita na sahani, anamfunika Mama miguu, anakwenda, anarudi. Mama anamfuata kwa kichwa kila anakokwenda. Mimi nimejitafuta. Ninaonekana mara mbili, na mara zote mbili nimegeuza mgongo, ninapanga viti.

Sijala mchana. Kumpikia mtu mmoja ni kazi ile ile ya kuwapikia sita, na anayeshukuru hayupo.

11 Aprili

Waya wa nyuzi tatu umefika. Fundi ameuchomeka, nasi tumekaa kutazama. Hakuna kilichobadilika. Doa ni lile lile, ila sasa limepitishwa kwenye bomba pana.

Nimemwambia labda deki, labda kijisanduku, labda televisheni yenyewe ina kasoro. Ameweka bisibisi chini.

"Mwalimu, samahani. Humu unatafuta nini?"

Sikupata kumweleza mtu asiye wa ukoo. Nimemweleza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama zamani alipokuwa hajui jibu, ila safari hii nadhani alikuwa akilijua. Akauliza kama anaweza kurudisha nyuma. Akaweka mwanzo, Mama anapoinua mkono.

"Hapa kamera iko wapi?"

"Mbele yake. Hatua moja."

Akapeleka mwisho. "Na hapa?"

Nilitazama. Sebule nzima inaonekana, watu wote, na upande mmoja kuna ukingo wa mlango. Binamu alikuwa amerudi nyuma hadi mlangoni ili wote waenee.

"Hatua sita," nimesema. "Au saba."

"Mwalimu, televisheni yako ina vitone karibu elfu mbili kwa upana. Lakini kanda hii ina nafasi ya mistari mia mbili na arobaini tu ya kutenga kitu na kitu. Hiyo ni ya mwanga. Ya rangi haifiki hamsini. Kwa hiyo rangi ya kitu chembamba inamwagikia kilicho jirani. Dhahabu nyembamba, kwenye mkono wa mtu mweusi, kutoka mlangoni..."

"Sema."

"Haina mstari wa kukaa. Hata kama ipo, haipo."

Nimemwambia kwamba watu kumi na wawili waliona.

"Waliona mkono, Mwalimu. Kamera ya kanda ninayo dukani. Tunaweza kujaribu. Unayo bangili ya namna ile?"

Nimemwambia akusanye vitu vyake aende. Amekwenda. Amesahau bisibisi.

12 Aprili

Mvua kubwa. Sikumpigia.

13 Aprili

Sikumpigia.

15 Aprili

Binti amepiga. Sikupokea. Simu imelia hadi ikachoka.

17 Aprili

Bisibisi iko mezani. Nimeihamisha mara tatu, na kila nilipoiweka niliiona.

20 Aprili

Nimempigia fundi saa mbili asubuhi. Amefika saa tatu na kamera ndani ya mfuko wa plastiki, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Hakusema lolote kuhusu siku ile. Amesema tu, "Kaa pale penye mwanga, Mwalimu."

Nimekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Nimevaa bangili yangu, pacha wa ile. Alikuja hatua moja mbele yangu, nikainua mkono. Kisha akarudi nyuma kidogo kidogo, akapita meza, akapita kabati, hadi mlangoni. "Inua tena. Geuza. Shusha." Nilitii kama mtoto wa shule. Bangili ilikuwa baridi juu ya mfupa. Niliisikia ikiteremka kila niliposhusha mkono.

Alitumia ile deki yangu ya zamani na waya ule wa njano, kama tulivyofanya miaka ile. Nilikuwa bado nimevaa bangili.

Kwenye kioo ametokea mwanamke mzee kuliko nilivyodhani. Anainua mkono, bangili inang'aa, pana, na mng'ao wake umemwagikia ngozi. Kisha chumba kinakua, mwanamke anapungua. Anakuwa mtu aliyekaa peke yake kati ya viti vitano. Anainua mkono.

Mkono ni mtupu.

Niliutazama mkono wangu wa kweli. Bangili ipo. Niliutazama wa kwenye kioo. Hamna. Nikamwambia arudishe nyuma. Akarudisha. Nikamwambia tena. Mara ya tatu hakungoja kuambiwa.

"Zima," nikasema.

Akazima. Akauliza kama nataka maji. Nilisema sitaki, akaniletea.

"Basi imekwenda wapi?" nikamwuliza, kama vile yeye angejua. "Kama hakuichukua yeye?"

"Hilo kanda haijui, Mwalimu. Haikuwahi kujua."

21 Aprili

Mtahiniwa akiacha nafasi tupu, anapata sufuri. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyofundisha. Lakini kuna nafasi tupu ambayo si ya mtahiniwa. Mvua imelowesha karatasi, wino umetoka. Msahihishaji mwenye akili huinua karatasi kwenye mwanga, na kama hasomi, huandika: haisomeki. Haandiki sufuri.

Nilikuwa na watu kumi na wawili na televisheni moja, na hakuna hata mmoja aliyeinua karatasi kwenye mwanga. Wao walikuwa wakinitazama mimi waone nimeona nini.

Nimepika uji. Nimekula nusu.

23 Aprili

Neno nililolisema mbele ya watu haliondoki kwa kunong'ona. Kati ya wale kumi na wawili, mbali na mimi na yeye, wamebaki watatu. Nimewapigia wote.

Shangazi amelia, akasema Mungu ni mkubwa, akaniuliza kama nina dawa ya magoti.

Binamu amecheka. "Ah, yale! Mimi nilishasahau, dada."

"Yeye hajasahau."

"Lakini sote tuliona."

"Uliona nini?"

Amefikiri. "Niliona wewe umekasirika," amesema.

Mjomba hasikii. Nimesema kwa sauti ya kawaida, akasema, "Nani kafa?" Nimepaza sauti. "Mtoto gani?" Mwishowe nimesimama barazani, ambako mtandao hushika vizuri, nikapiga kelele hata mwenye duka la jirani akatoka kwenye mvua kuangalia: "HAKUIBA! NILIKOSEA! MDOGO WANGU HAKUIBA!"

"Aa," amesema Mjomba. "Hilo mimi nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ungenisikia?"

24 Aprili

Nimempigia binti. Hapokei. Ni haki yake.

26 Aprili

Bado. Maji yamekata barabara kuu, magari hayapiti. Nimeifunga kanda kwa plastiki mbili na taulo.

30 Aprili

Barabara imefunguliwa upande mmoja. Fundi amenifungia deki kwenye katoni, pamoja na waya wa njano. Nilimwuliza kama nichukue na ule wa nyuzi tatu.

"Wa nini tena?" amesema. Kisha, "Safari njema, Mwalimu. Na usisahihishe watu huko."

4 Mei

Nimerudi jana jioni. Naandika ya juzi.

Nilifika mchana, sketi imejaa matope hadi magotini. Binti alifungua mlango. Amekuwa mwanamke mrefu, ana paji la uso la Mama. Aliitazama katoni kabla ya kunitazama mimi. Sikuhitaji kuuliza, lakini niliuliza.

"Wiki iliyopita," alisema. "Jumanne. Aliamka akaniuliza kwa nini sijafungua madirisha."

Jumanne iliyopita mimi nilikuwa ninangoja barabara. Lakini juma zima kabla ya kupiga kelele barazani nilikuwa nikihamisha bisibisi mezani, na kabla ya hapo nilimaliza mwezi mzima kubadilisha waya. Barabara ilikuwa wazi.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kochi, uso ameuelekeza ukutani, kidogo pembeni ya mahali nilipokuwa. Amekonda. Nywele zake zimekuwa nyeupe kuliko zangu.

"Nani huyo?"

"Ni mimi."

"Kila mtu ni mimi."

"Dada yako."

Hakushtuka. Alipangusa goti lake kama lina makombo. "Fundi kamaliza?" Kumbe binti alikuwa amemweleza.

"Amemaliza."

"Kaona nini?"

Nilikuwa nimetunga hotuba garini, na sentensi zake zilikuwa sahihi. Sikutumia hata moja. Nilisema, "Mimi sikuona kitu siku ile. Nilisema nimeona. Nimewapigia waliobaki, nimewaambia. Hukuiba."

"Najua sikuiba," alisema. "Nilikuwapo."

Binti alisimama mlangoni na katoni. Hakuna aliyemwambia aweke, hakuna aliyemwambia aondoe. Mwishowe mdogo wangu akasema, "Washa. Umeibeba kutoka huko kote, washa."

Binti alichomeka waya. Mama akacheka, na mdogo wangu akageuza uso wote kwenye sauti ile, macho wazi, hayaoni kitu. Akafunika mdomo kwa kiganja. Sauti ilikuwa safi kabisa. Sijui kwa nini katika miezi hii miwili sikuwa nimeisikia.

"Niambie," alisema.

Nikaanza kumwambia. Mama amekaa kwenye kiti cha mikono. Amefunga kitambaa chekundu. Anainua mkono, bangili inang'aa. Sasa binamu anakula keki. Hapo alitoa pumzi puani, karibu acheke. Mjomba anaimba. Wewe unamfunika miguu. Wewe umekwenda jikoni. Mama anakutafuta kwa kichwa. Hilo nililirudia mara mbili, kwa kuwa alitaka kulisikia mara mbili.

Tulifika mwisho. Nilijua kwa sauti ya viti.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa umeinama. Umeushika mkono wake. Unamnong'oneza."

"Halafu?"

"Umeuachia."

"Mkononi kuna nini?"

Nilisogea hadi pua yangu ikakaribia kioo. Televisheni yao ni ndogo. Niliona rangi ya kahawia, na ndani yake hakuna mstari wa kitu chochote.

"Haionekani," nilisema.

"Ipo au haipo?"

"Haionekani. Sijui. Haikuwahi kuonekana."

Kanda ikaisha. Picha ikawa chenga tupu, na chenga zikafanya kelele kama mvua juu ya mabati. Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Swali hilo si langu. Binti alikuja kuzima.

"Acha," mdogo wangu alimwambia. "Wewe hao watu huwajui, ulikuwa mdogo. Mwache mama yako mkubwa." Akapapasa kochi kando yake hadi akapata mahali patupu, akapapiga mara moja kwa kiganja. "Irudishe mwanzo. Na safari hii usiruke mtu."